Aje na Enanga

Kisu cha Magdalena ndicho kilichokamatwa kwanza. Kilikuwa kisu kidogo cha kumenyea ndizi, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na alikuwa amekisahau ndani ya pochi chini ya leso. Binti wa ukaguzi alikitoa kwa vidole viwili, akakiangalia, kisha akakitumbukiza kwenye boksi la plastiki lenye mikasi na viberiti vya watu wengine.

"Mama, hiki hakiingii kwenye ndege."

"Ni cha ndizi, mwanangu."

"Najua ni cha ndizi. Hakiingii."

Magdalena hakubishana. Alikuwa amechoka tangu Kishanda. Jana yake walitoka nyumbani kwa pikipiki mpaka Nshamba, wakabanana kwenye gari dogo hadi Muleba, na kutoka Muleba wakaja Bukoba kulala kwa binti yao Penina, kule Kagondo. Yeye hakulala. Alijilaza tu akisikiliza mvua na kumfikiria mwanae Mwesiga, kifungua mimba wake, aliyelazwa hospitali huko Dar es Salaam kwa saratani ya ini. Mwanzoni madaktari waliizungumzia kwa maneno mengi. Siku hizi walisema tu kwamba familia ije.

"Mzee, vua mkanda," binti akamwambia Byabato, mumewe.

Byabato hakuwa na mkanda. Suruali yake ya kanisani ilikuwa imemzidi kiuno mwaka huu, na asubuhi hiyo Magdalena alikuwa ameifunga kwa kipande cha shati kuukuu. Aliinua koti kidogo ili binti aone. Binti akaona, akageuza macho haraka, lakini sheria ilikuwa sheria na kile kitambaa kilikuwa na fundo kubwa. Mzee akakifungua. Akapita kwenye lango la ukaguzi akiwa pekupeku, mkono mmoja umeshika suruali, na mwingine umekumbatia mzigo mrefu uliofungwa kwa shuka.

"Na huo mzigo uweke hapa kwenye mashine, Mzee."

"Huu siuweki. Naubeba."

"Kila kitu kinapita kwenye mashine."

Aliuweka, akaufuata kwa macho mpaka ulipomezwa na vile vipande vyeusi vya mpira. Mashine ikasimama. Ikarudi nyuma, ikaenda mbele, ikasimama tena. Kwenye skrini kulikuwa na doa zito jeusi, refu kama mtoto wa shule, na binti, ambaye kitambulisho chake kifuani kilisema Alistidia, aliliinamia huku amekunja uso.

"Hiki ni nini?"

"Enanga," alisema Byabato.

Alistidia alikuwa Mhaya, na jina lile alilijua. Babu yake aliwahi kuwa nayo. Lakini hakuwahi kuiona kwenye skrini, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akaita msimamizi wake.

Msimamizi aliitwa Kyaruzi. Alikuwa na mafua, na leso yake ilikuwa imelowa tangu alfajiri. Aliamuru shuka lifunguliwe. Ndani mlikuwa na ubao mzito uliochongwa ukaachwa na tumbo kama sinia refu, umeiva kwa moshi na mikono ya watu, na juu yake nyuzi zimepita kutoka kichwani hadi mkiani.

"Ya kuuza?"

"Ya kupiga. Mwanangu anaumwa. Amesema nije nayo."

Ndivyo ilivyokuwa. Elieth, mke wa Mwesiga, alipiga simu Jumapili baada ya misa. Alisema Mwesiga hali chakula tena, na kwamba ameomba neno moja tu: Tata, baba yake, aje, na aje na enanga. Byabato alikuwa hajawahi kukanyaga Dar es Salaam kwa miaka yote ambayo mwanae ameishi huko. Kila alipoitwa alikuwa na kahawa ya kuanika, au harusi ya mtu ya kwenda kupiga enanga. Jumapili hiyo hakusema habari ya kahawa. Aliinuka papo hapo, akaenda kuiteremsha enanga ukutani. Penina na wadogo zake wakachangishana tiketi za ndege, kwa sababu basi ni safari ndefu mno, na Elieth alikuwa amesema kwa sauti ya chini kwamba wasichelewe.

"Hebu piga kidogo," Kyaruzi alisema. "Nione kama ni ala kweli."

Byabato alitazama kushoto na kulia akitafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti. Akachuchumaa sakafuni bila viatu, akaiweka enanga mapajani huku suruali ameibana kwa viwiko, akagusa nyuzi. Zilikuwa zimelegea kwa unyevu wa usiku. Enanga ile, ambayo imewahi kuwaliza watu wazima kwenye harusi za Nshamba, ilitoa sauti ya ndoo inayoburutwa. Alianza kukaza uzi wa kwanza. Kijana mmoja mwenye begi la kompyuta akatoa simu na kuanza kumrekodi.

"Inatosha," alisema Kyaruzi. "Ni ala. Sasa ndani haiingii, ni ndefu. Itakwenda chini na mizigo." Akainama, akapitisha kidole kwenye uzi mmoja. "Hizi ni nini, plastiki?"

Angejibu ndiyo, safari ingeendelea. Wapigaji wengi siku hizi wanafunga uzi wa kuvulia samaki na hakuna anayewalaumu. Lakini Byabato alikuwa ametoka kuaibishwa na nyuzi zilizolegea, na swali lile likamchoma.

"Plastiki! Hizi ni kano za ng'ombe. Nimezisokota mwenyewe."

"Za ng'ombe," Kyaruzi alirudia taratibu, akapenga kamasi. "Basi pana shida, Mzee. Kitu cha mnyama kinataka kibali cha mifugo. Unacho?"

"Kibali cha nini?"

"Cha ng'ombe."

"Huyo ng'ombe alikufa zamani."

Watu wakacheka kwenye foleni. Byabato hakuwa amesema ili wacheke. Magdalena akasogea mbele, akamshika Kyaruzi mkono kama anavyoshikwa mtu wa kwenu.

"Mwanangu, tusaidie. Tuna mgonjwa."

"Mama, kila anayepita hapa ana mgonjwa au ana msiba. Mimi sijawakataza kusafiri. Nakataa hizi nyuzi tu."

Hata hivyo alitoa simu yake, akampigia mtu wa mifugo anayemfahamu. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akaweka simu mfukoni. "Hapokei. Na ndege haimsubiri." Aliitazama tena enanga, na alipoongea safari hii hakuwa mkali. "Zitoe nyuzi. Ubao ni ubao tu, nakupakilia sasa hivi. Huko Dar utapata nyuzi nyingine."

Magdalena alimgeukia Alistidia. "Nipe kile kisu changu mara moja."

Alistidia alimwangalia msimamizi, msimamizi akainamisha kichwa. Kisu kikatolewa kwenye boksi. Magdalena akamnyooshea mumewe, mpini mbele.

"Kata."

"Hapana."

"Baba Mwesiga, kata. Nyuzi zitapatikana."

"Nikifika na ubao nitamwambia nini?"

"Mwambie pole. Mwambie umekuja. Watu huwa wanawaambia nini watoto wao?"

Byabato hakujua. Mbele ya watu mia mbili wenye pombe ya rubisi kichwani alikuwa na maneno ya kukesha nayo, ya wafalme waliokufa, vita, wivu na wanawake wazuri. Lakini kwa Mwesiga aliongea kwa kupitia mama yake. Simu ikipigwa, Magdalena ndiye aliyeshika, na yeye angekaa pembeni akitupia: mwulize kama mvua imenyesha huko, mwambie mbuzi amezaa. Mwesiga naye angejibu: mwambie nimesikia. Wameishi hivyo bila ugomvi wowote, na kila mmoja akaona ndivyo ilivyo.

Alistidia akaingilia kwa Kihaya, kwa sauti ambayo foleni haikuisikia. "Tata waitu, iache kwangu. Nitaiweka ofisini, binti yako aje aichukue. Wewe nenda kwa mwanao."

Yalikuwa maneno mazuri, na Byabato aliyaelewa. Lakini alijiona akiingia kwenye wodi mikono mitupu, watu wa mjini wamezunguka kitanda, mwanae anamwangalia mikononi. Akaanza kuifunga enanga kwenye shuka.

"Nitakuja na basi," alisema. "Kesho alfajiri. Kwenye basi hakuna anayeuliza kano."

"Kesho," alisema Magdalena.

Alikirudisha kisu kwenye boksi kwa mkono wake mwenyewe, akachukua kikapu chenye ndizi na kopo la senene wa kukaanga, ambalo hakuna aliyeliulizia kibali, akapita mlango wa abiria. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Mwanamke mmoja mgeni akamwonyesha pa kupita.

Byabato alivaa viatu, akakaza kile kitambaa kiunoni, akatoka nje. Alisimama kwenye uzio mpaka ndege ilipokimbia, ikainuka juu ya ziwa na kuwa ndogo. Ndipo akampigia Penina.

*

Penina alifanya kazi kwenye duka la dawa mjini, na alilazimika kuomba ruhusa kwa bosi ambaye siku hiyohiyo alikuwa amemruhusu achelewe. Alimkuta baba yake amekaa ukingoni mwa barabara, enanga imesimama kando yake kama mtu wa pili. Hakumfokea. Alimchukua hadi Kagondo, na Byabato, aliyekuwa amejiandaa kufokewa, akaona afadhali angefokewa.

Nyumbani alimwekea ndizi zilizopikwa na maharage.

"Kula, Tata."

"Tiketi yangu watairudisha?"

"Hairudi."

"Hata kidogo?"

"Kula, Tata. Nimeshapiga simu stendi. Nafasi ipo basi la alfajiri. Nimekopa kwa jirani." Alikaa kwenye kochi, akavua viatu, akafumba macho. "Kaka akiuliza mimi nimwambieje? Kwamba tumekukatia ndege ukaishia mlangoni?"

Byabato alikula kidogo ili kumridhisha. Kisha akaitoa enanga kwenye shuka, akaanza kuikaza uzi mmoja mmoja, kwa uvumilivu, akiweka sikio karibu. Jua lilikuwa limetoka na nyuzi zilianza kushika sauti. Mchana ukapita hivyo. Penina alisinzia akiwa amekaa. Ilipoita simu yake, wote wawili waliruka.

Alikuwa Magdalena. Amefika. Amemwona. Hakusema amemwonaje. Alisema tu, "Anataka kuongea na baba yake. Yeye mwenyewe. Weka sauti kubwa."

Penina akaweka simu juu ya stuli katikati ya chumba. Kulikuwa na kelele za wodini, vyombo, mtu akikohoa. Kisha sauti ambayo Byabato hakuitambua, nyembamba na kavu.

"Tata."

"Ee. Ngoja," alisema Byabato. "Ngoja kidogo."

Akavuta enanga mapajani, akasogea mpaka magoti yake yakagusa stuli, akaanza. Safari hii nyuzi zilikuwa sawasawa. Penina, aliyekua akisikia vitu hivi hadi akaacha kuvisikia, alijikuta amekaa wima. Baba yake alipiga akiwa amefumba macho na shingo imetoka mishipa, na alikuwa anavuta pumzi aanze kuimba pale sauti ilipotoka kwenye simu.

"Tata, acha."

Hakusikia. Penina akamgusa bega.

"Acha, Tata. Huku inafika kama mtu anagonga mabati," Mwesiga alisema.

Mikono ya mzee ikasimama juu ya nyuzi. "Ni simu," alisema. "Simu ndiyo mbaya. Kesho napanda basi, nitakuja nayo, utaisikia yenyewe. Ulisema nije nayo."

Penina akainama kutazama kama simu imekatika.

"Nilisema hivyo," Mwesiga alisema, akipumzika baada ya kila maneno machache. "Nilijua nikisema Tata aje, hutakuja. Utasema kahawa. Ndiyo maana nikasema uje na enanga. Bila hiyo usingetoka Kishanda."

Byabato aliitazama ile simu juu ya stuli.

"Sikutaka uipige," Mwesiga aliendelea. "Nilitaka uje."

Penina aliinuka akaenda jikoni, akasimama huko bila kufanya chochote.

"Mwesiga," mzee alisema hatimaye.

"Naam, Tata."

"Sasa niseme nini?"

"Chochote. Kibanja kikoje?"

Byabato aliishusha enanga kutoka mapajani, akailaza sakafuni. Mikono ikabaki haina kazi. Akaiweka magotini.

"Kibanja," alisema. "Kibanja kipo. Mnyauko umeingia. Ile migomba ya nyuma ya jiko, upande wa choo, tumeing'oa yote, tumeichoma. Bwana shamba alisema tuchome. Nikachoma. Mama yako hakutaka, alisema mkungu mmoja ulikuwa karibu kukomaa. Nikachoma na huo."

"Endelea."

"Kahawa imebeba. Si sana. Ule mti uliokuangusha ukavunjika jino, nao umebeba."

"Bado upo?"

"Nitaukata kwa nini? Upo." Alitafuta habari nyingine. "Mbuzi amezaa mapacha, mmoja anachechemea. Padre amehamishwa, ameletwa kijana, anahubiri haraka haraka, watu wanatoka misa hawajakaa vizuri." Akasikia kitu kwenye simu, akashtuka. "Unalia?"

"Nacheka. Inauma nikicheka. Endelea."

Akaendelea. Alimweleza habari ya jirani aliyehamisha mpaka, na paa la kanisa, na maji yaliyoletwa Kishanda yakatoka wiki moja yakakoma. Hakuwa na ufundi wowote katika kuieleza. Alirudia rudia, akasahau majina, akaanzia katikati. Hakuna aliyekuwa amemsikia akiongea hivyo. Penina alikuwa amerudi mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, na alikaa pale hadi sauti ya Elieth ilipoingia ikisema muuguzi amekuja, mgonjwa apumzike.

"Mwambie nakuja," Byabato alisema. Kisha akajirekebisha. "Mwesiga! Nakuja. Hii naiacha hapa kwa dada yako. Nakuja hivihivi."

"Tutaona," alisema Mwesiga, si kwa ubaya, na simu ikakatika.

*

Basi liliondoka Bukoba kukiwa bado na ukungu juu ya ziwa. Byabato alikaa dirishani akiwa na mfuko wa plastiki wenye shati moja, mkate na chupa ya maji, na simu ya Penina iliyojaa chaji, kwa sababu ya kwake haitunzi chaji. Walipita Muleba soko likianza kufunguliwa. Mtu mmoja aliyekuwa akishusha mikungu kwenye baiskeli alimtambua dirishani, akampungia, akapiga hewani vidole kama anayegusa nyuzi, akiuliza kwa ishara iko wapi. Byabato akageuza uso.

Magdalena alipiga walipokuwa Biharamulo. Mko wapi? Akamwambia. Akapiga tena wakiwa Kahama. Mko wapi? Alimwambia basi limesimama, watu wanakula. Wewe umekula? Hajala. Kula. Hali yake? Yupo. Akawa anaogopa kuuliza zaidi. Walipofika Nzega akapiga tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayenong'ona karibu na kitanda. "Mmefika wapi?" "Nzega." "Haya." Akakata.

Baada ya hapo simu ilinyamaza. Nje nchi ilikuwa kavu, miti mifupi, mawe, ng'ombe wembamba. Abiria wa pembeni yake, mama aliyekuwa akienda Dodoma, alimwuliza anasafiri kwa heri. Alisema anakwenda kumwona mwanae. Mama akasema, "Watoto wakienda huko wanatusahau." Byabato akasema hapana, huyu hakusahau. Mimi ndiye niliyekuwa na shughuli.

Jua lilikuwa linateremka na Singida ikiwa mbele wakati Penina alipopiga kwa simu ya jirani. Alianza kwa kumwuliza kama amekaa vizuri, na hapo Byabato akajua.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Mchana. Mama alisema tukwambie ukiwa karibu na mahali pa kushuka. Tata, wanamleta nyumbani. Wanashughulikia kibali cha mazishi na gari. Watakuja na barabara hiyohiyo uliyopita. Shuka Singida, utafute gesti karibu na stendi. Watakupitia."

"Nisifike?"

"Ukifika utakuta wameshaondoka, Tata. Shuka."

Kondakta hakutaka kumrudishia chenji ya sehemu ya safari iliyobaki, na Byabato hakuwa amemwomba. Alitaka tu mlango ufunguliwe. Yule mama wa Dodoma alimshushia mfuko wake wa plastiki kupitia dirishani, kwa kuwa aliusahau.

Alikaa Singida siku mbili. Upepo wa huko ulikuwa mkavu, ukamkausha midomo. Mwenye gesti, aliyekuwa hamjui, alimdai malipo mapema kila asubuhi kama afanyavyo kwa wapita njia wote, na alipoambiwa ni msiba alisema pole, akanyoosha mkono palepale. Mchana mzee alikaa kwenye benchi la mama muuza chai akitazama magari yatokayo upande wa Dodoma. Kila lilipopita basi dogo jeupe alisimama. Mama wa chai alimwuliza anamsubiri nani.

"Mwanangu."

"Anatoka Dar?"

"Ndiyo."

"Basi atafika tu, babu. Kaa."

Hakumsahihisha. Alikaa.

Siku ya pili alasiri, basi dogo lenye kitambaa cheupe kwenye kioo lilipunguza mwendo, likasogea pembeni. Mlango ulivutwa. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maua na jasho. Jeneza lilikuwa limelazwa katikati ya viti, kichwa kikielekea kwa dereva, na watu wamekaa pande zote mbili wakiwa wameinua miguu ili wasilikanyage. Elieth alikuwa nyuma, amejifunika kanga usoni, ameegemea bega la mtu. Hakuinua kichwa. Vijana wawili wa ofisini kwa Mwesiga walitaka kusimama kumpisha mzee, lakini Magdalena alishatoa kikapu chake kwenye kiti cha jirani na kukiweka magotini. Akapapasa kiti. Byabato akaingia, akakaa.

Gari likaondoka. Alikaa akitazama lile jeneza, lililokuwa karibu kiasi kwamba goti lake liliugusa ubao wake kila barabara ilipopinda. Alilibana goti kwa mkono. Baada ya muda akaliachia. Hakulia. Magdalena naye hakulia. Alikuwa amemaliza, au alikuwa anayatunzia machozi Kishanda, ambako watu wangeyahitaji. Mikono yake ilikuwa juu ya kikapu, na ndani ya kikapu kopo la senene lilikuwa halijafunguliwa.

Walikuwa wameshauacha mji nyuma kabisa ndipo alipoweza kuuliza.

"Alisema kitu?"

"Mwisho hakuwa anaongea," Magdalena alisema. "Lakini ile mara ya mwisho niliyokupigia, ni yeye aliyeniuliza umefika wapi. Nikamwambia Nzega."

"Akasemaje?"

Magdalena alinyoosha kanga yake magotini. Alikuwa na hasira naye bado, hasira ya uwanja wa ndege, na alijua atakuwa nayo kwa muda mrefu. Lakini hili halikuwa lake la kulizuia.

"Alisema, kumbe kweli anakuja."

Byabato aligeuka akamtazama.

"Rudia," alisema.

Magdalena akarudia.